Kompyuta ya Injini Kalemie: Hukumu Kabla ya Vipimo

Miongoni mwa magari yanayotembea Kalemie, mji mkuu wa jimbo la Tanganyika mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yamo mengi yaliyotumika kwanza Japani, yakapakuliwa Dar es Salaam, yakafika Kigoma kwa reli au kwa barabara, kisha yakavushwa ziwa umbali wa karibu kilomita 130, huku usukani ukiwa umebaki kulia katika nchi ambayo magari yake hupita upande wa kulia. Vipuri vyake hupita njia hiyo hiyo, na katika vipuri vyote ni vichache vinavyoagizwa kwa wasiwasi mkubwa kama moduli ya kudhibiti injini, yaani kile kisanduku cha elektroniki kinachoamua ni petroli kiasi gani iingie katika kila silinda na cheche ipigwe wakati gani. Waliojifunza ufundi kwa Kifaransa hukiita kalkilateri, wenzao wa Kigoma na Dar es Salaam hukiita kontroli boksi, na humu kitaitwa kompyuta ya injini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kompyuta hiyo husingiziwa kufa mara nyingi kuliko inavyokufa, na kwamba pale inapokufa kweli, aghalabu imeuawa na kitu ambacho bado kimo ndani ya gari kikiisubiri ya pili.

Ndani ya kisanduku hicho, ambacho katika Toyota nyingi hufichwa nyuma ya droo ya dashibodi mbele ya abiria, mna bodi moja ya saketi yenye kichakataji kinachofanya hesabu, kumbukumbu inayotunza majedwali yaliyoandikwa kiwandani, na safu ya transista, yaani swichi za elektroniki zisizo na kitu kinachosogea, ambazo ndizo zinazofungulia na kukata umeme wa nozeli, koili na vali mbalimbali. Taarifa huletwa na sensa: moja hutazama mzunguko wa krenkishafti, nyingine hupima hewa inayovutwa na injini, nyingine joto la maji, nyingine oksijeni iliyobaki katika moshi wa ekzosi, na kadhaa kati yake hulishwa na kompyuta yenyewe umeme wa volti 5 usiotakiwa kuyumba. Kompyuta hupokea taarifa hizo, huzilinganisha na majedwali yake, kisha hufungua kila nozeli kwa milisekunde chache tu, yaani sehemu chache za elfu za sekunde, na hurudia kazi hiyo mamia ya mara kwa dakika hata pale gari linapokuwa limesimama likinguruma polepole.

Kilichozaa kisanduku hiki hakikuwa haja ya dereva yeyote, bali moshi wa miji ya Marekani, na hasa ya jimbo la California. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mwaka 1967 mfumo wa kupulizia petroli kwa elektroniki uitwao D-Jetronic, uliofungwa kwanza katika Volkswagen 1600 zilizouzwa Marekani. Mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria kali ya hewa safi. Na mwaka 1979 Bosch hao hao wakaunganisha petroli na cheche chini ya kompyuta moja, wakaiita Motronic na kuiweka katika BMW 732i. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 General Motors na Toyota walikuwa wameshaifuata njia hiyo. Tangu magari ya mwaka 1996, kila gari dogo linalouzwa Marekani limelazimika kuwa na soketi ya pini 16 chini ya dashibodi na kutoa misimbo ya hitilafu, yaani herufi na tarakimu zinazotaja kasoro iliyogunduliwa, kwa namna inayofanana kwa kampuni zote.

Sharti hilo la soketi na misimbo, hata hivyo, halikuandikwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, na jambo hilo linaloonekana dogo limewagharimu fedha nyingi wenye magari wa Afrika Mashariki na Kongo. Toyota iliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani mwishoni mwa miaka ya 1990 inaweza kuwa na soketi yenye umbo lile lile na bado isizungumze lugha inayotarajiwa na kifaa cha bei nafuu cha kusomea misimbo, kama vile nakala nyingi za China za kifaa cha ELM327 kilichobuniwa na kampuni ya Kanada. Fundi huchomeka kifaa, simu yake huandika kwamba hakuna mawasiliano, naye hutamka kwamba kompyuta imekufa, ilhali kilichothibitika ni kwamba kifaa na gari havielewani. Magari mengi ya kizazi hicho yanasomeka hata bila kifaa: ukiunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ya soketi ya kupimia yaliyoandikwa TE1 na E1, au TC na CG katika soketi ya pini 16, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kumweta, na idadi ya mimweto ndiyo namba ya hitilafu. Kompyuta inayoweza kuhesabu mimweto hiyo bila kukosea haijafa.

Dalili zinazoitia kompyuta hatiani ni zile zile zinazoletwa na vitu vya bei ndogo zaidi. Injini inayozimika ikishapata moto na kukubali kuwaka tena ikipoa huwa, katika visa vingi, ni ya sensa ya krenkishafti ambayo waya wake mwembamba wa ndani hukatika kwa joto, na msimbo wake wa kawaida ni P0335. Injini inayozungushwa na starta bila nozeli kupuliza huweza kuwa ya koili. Katika Toyota kama zile zenye injini ya 1NZ-FE, inayopatikana katika Ist na Vitz nyingi, kila koili hurudisha kwa kompyuta ishara ya kuthibitisha kwamba cheche imepigwa, na ishara hiyo isipofika kompyuta hukata petroli, kwa kuwa petroli isiyowaka ingemwagika hadi kwenye ekzosi na kuunguza kichujio cha moshi. Mwenye taa ya kupimia nozeli ataona giza na kusema kompyuta haitoi umeme. Ni kweli haitoi, lakini haitoi kwa sababu imekataa, na kukataa huko ni ushahidi wa uzima wake.

Vipimo vinavyotenganisha uzima na kifo si vya siri, na vyote hufanywa kwa mita ya kawaida ya umeme ambayo karibu kila gereji inayo. Cha kwanza hakihitaji hata mita: ufunguo ukiwashwa bila kupiga starta, taa ya injini lazima iwake, kwa sababu ni kompyuta inayoiwasha. Isipowaka, na balbu ikiwa nzima, ama kompyuta haipati umeme, ama kuna kinachoizuia kuamka, ama imekufa, na ndipo utaratibu wa kupima unapoanza kwa mpangilio huo huo. Soketi za kompyuta huachwa zikiwa zimechomekwa, na ncha nyembamba ya mita huingizwa kwa nyuma, sambamba na waya, hadi iguse chuma. Katika michoro ya Toyota tundu la BATT lina umeme wa betri muda wote na ndilo linalotunza kumbukumbu, tundu la +B hupata umeme kupitia rilei kuu pale ufunguo unapowashwa, na tundu la E1 ni arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya injini.

Arthi ndiyo inayosahauliwa. Kuona kwamba waya wa arthi umegusa chuma hakutoshi, kwa kuwa kutu nyembamba chini ya bolti inaweza kupitisha umeme wa kuwasha balbu ndogo na bado ikashindwa pale mkondo unapokuwa mkubwa. Kipimo sahihi huweka ncha moja ya mita kwenye E1 na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri wakati starta inazungusha injini: mita ikisoma chini ya sehemu moja ya kumi ya volti, arthi ni nzuri, ikisoma nusu volti au zaidi, kompyuta inafanya hesabu zake zote ikiwa juu ya sakafu iliyoinuka, kila sensa inaonekana kusema uongo, na dawa yake ni msasa na bolti iliyokazwa, wala si kisanduku kingine kutoka ng'ambo ya ziwa.

Baada ya arthi hufuata tundu la VC, ambalo hutoa zile volti 5 za kulisha sensa, na hapa ndipo kompyuta nyingi nzima zinapozikwa zingali hai. Waya mmoja wa sensa ukichubuka na kugusa chuma, au sensa moja ikifa kwa ndani, volti 5 hizo hushuka hadi sifuri, na katika Toyota nyingi kichakataji chenyewe hushindwa kuamka: taa ya injini haiwaki, kifaa cha kupimia hakipati mawasiliano, injini haiwaki, na gari lote lina sura kamili ya gari lisilo na kompyuta. Fundi anayejua hukaa na mita kwenye VC huku msaidizi akichomoa sensa moja baada ya nyingine, ya vali ya hewa, ya mgandamizo wa hewa, na nyinginezo zinazotumia njia hiyo, na pale ambapo mita inaruka ghafla kutoka sifuri hadi 5 na taa ya dashibodi ikawaka, sensa iliyochomolewa wakati huo ndiyo mkosaji. Kazi hiyo huweza kumalizika kwa muda mfupi. Ikiwa sensa zote zimechomolewa, BATT na +B zina umeme kamili, arthi ni safi, waya wa VC wenyewe haujagusa chuma popote, na bado VC ni sifuri, hapo, na hapo tu, ndipo neno la kifo linapostahili kutamkwa. Kuna pia misimbo ambayo kompyuta hujishitaki yenyewe, kama P0601 unaohusu kumbukumbu na P0606 unaohusu kichakataji, lakini hata hiyo ni vyema ifutwe kwanza na kuangaliwa kama itarudi, kwa sababu betri dhaifu inaweza kuizua.

Mazingira ya Kalemie yana namna zake za kuua kompyuta, na ya kwanza ni kuchomelea. Barabara ya taifa namba 5, inayotoka Lubumbashi kupitia Kalemie kuelekea Uvira, na zile ziendazo Moba na Nyunzu, huvunja fremu na vishikio vya springi, na gari lililovunjika huunganishwa kwa umeme wa mashine ya kuchomelea ukiwa mkali kupita kiasi chochote ambacho saketi ya gari ilitengenezwa kustahimili. Umeme huo hutafuta njia ya kurudi kwenye mashine, na iwapo kishikio cha arthi kimewekwa mbali na mahali panapochomelewa, sehemu yake inaweza kupita katika nyaya za gari na ndani ya kompyuta. Kinga ni ya bure: kuondoa vichwa vyote viwili vya betri, kuchomoa soketi za kompyuta, na kubana arthi ya mashine karibu kabisa na kidonda cha chuma. Inashangaza kwamba tahadhari isiyogharimu hata senti hupuuzwa na watu wale wale ambao baadaye watachanga dola za kununulia kisanduku.

Alteneta, mtambo unaochaji betri wakati injini inanguruma, ni muuaji wa pili. Inapofanya kazi vizuri hutoa kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi; kirekebisha volti chake kikifa, umeme huweza kupanda kupita 16, na sehemu za kuilinda kompyuta, zilizotengenezwa kumeza mishtuko mifupi, hupikwa polepole hadi zife. Kushtua betri kutoka gari jingine huku nyaya zimegeuzwa, chanya kwenye hasi, hufanya kazi hiyo hiyo mara moja. Nozeli au vali ambayo waya wake wa ndani umeungana hunyonya mkondo mkubwa kuliko uwezo wa transista inayoihudumia, na transista huungua. Kompyuta ikabadilishwa na nozeli ikaachwa, transista ya kompyuta mpya nayo huungua, pengine kabla ya gari kutoka gereji. Hiki ndicho kisa ambamo mwenye gari huambiwa kwamba kompyuta za mtumba hazina bahati.

Kisha kuna maji. Mto Lukuga, unaotoka ziwani hapo hapo Kalemie, ndio njia pekee ya Ziwa Tanganyika kumwaga maji yake, na njia hiyo inaposhindwa kupokea mvua za miaka mfululizo, ziwa hupanda, kama lilivyopanda hadi kufurika mitaa ya chini ya mji mwaka 2024. Maji ya ziwa hilo hayana chumvi ya bahari, lakini yana madini yaliyoyeyuka ya kutosha kupitisha umeme, na gari lililozama hadi usawa wa viti likiwa na betri iliyounganishwa huanza kuliwa shaba yake papo hapo, pini baada ya pini. Mambo hayakuwa hivi kwa mashine za zamani. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen ilizamishwa katika ziwa hilo hilo na mainjinia wake wenyewe mwaka 1916 baada ya mitambo yake kupakwa grisi nzito. Ilipandishwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hakuna grisi itakayoifanyia kompyuta ya injini hisani hiyo. Inayowezekana ni kuondoa betri kabla maji hayajafika, na baada ya mafuriko kufungua kisanduku, kuosha bodi kwa spiriti safi ya aina ya isopropili na kuikausha kabisa kabla umeme wowote haujarudishwa.

Zipo pia kompyuta zinazokufa kwa kasoro zao wenyewe. Mitsubishi za miaka ya 1990 zinajulikana kwa jambo hili, na Land Cruiser za mfululizo wa 80 nazo zimo, kwa sababu ya kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi ili kuusawazisha. Ndani yake mna majimaji ya kemikali ambayo baada ya miaka mingi huvuja chini ya kikopo na kula njia za shaba za bodi. Anayefungua kompyuta ya namna hiyo hupokewa na harufu kali inayofanana na ya samaki aliyeharibika, na chini ya kapasita huona doa la kijani au la kahawia lililotambaa hadi kwenye miguu ya sehemu za jirani. Wala si uzee pekee: Agosti 2010 Toyota iliyarudisha kiwandani magari karibu milioni 1.13 ya Corolla na Matrix ya miaka 2005 hadi 2008, yaliyouzwa Marekani na Kanada, baada ya kubainika kwamba nyufa zingeweza kutokea katika viungo vya kulehemu vya kompyuta au katika kipande kinachoilinda dhidi ya umeme uliozidi, na injini ikazimika barabarani. Ikumbukwe kwamba hizo ni Corolla za Amerika ya Kaskazini. Kisa chake hakiitii hatiani kila Corolla iliyotoka Japani, ingawa kimetumiwa hivyo.

Kompyuta ikishathibitika kuwa imekufa, na muuaji wake akishapatikana, ununuzi una masharti yake. Kompyuta nyingi za injini za Toyota hubeba namba inayoanza na 89661, na tarakimu tano zinazofuata ndizo zinazotofautisha injini, gia ya otomatiki na ya kawaida, gari linalovutwa na magurudumu mawili na la manne, lenye kinga ya wizi na lisilo nayo. Soketi za kompyuta mbili zinaweza kuingiliana bila tatizo huku mpangilio wa matundu ukiwa tofauti kabisa, hivyo kwamba umeme wa betri ukaingia mahali palipotengwa kwa sensa. Namba yote, pamoja na namba ya mtengenezaji, ambaye mara nyingi ni Denso, hupigwa picha na kutumwa kwa muuzaji kabla fedha hazijatumwa. Maduka ya Gerezani jijini Dar es Salaam, soko la Kisekka la Kampala na barabara ya Kirinyaga ya Nairobi yana marundo ya kompyuta zilizotolewa katika magari yaliyokatwa, na nyingine huletwa kutoka Sharjah. Lakini muuzaji wa vipuri vya umeme vilivyotumika kwa kawaida hapokei kilichorudishwa, na mteja wa Kalemie, ambaye kati yake na Dar es Salaam mna ziwa na zaidi ya kilomita 1,200 za reli, hana njia ya kwenda kugombana dukani. Kwa mtu wa Dar es Salaam kosa la kupima humpotezea alasiri; kwa wa Kalemie humpotezea gari kwa majuma.

Kinga ya wizi ni kikwazo kingine. Ufunguo wa magari mengi ya karne hii una kipande cha elektroniki kisicho na betri, ambacho huulizwa msimbo wake na waya uliozungushwa kwenye tundu la ufunguo, na msimbo huo hulinganishwa na uliotunzwa katika kumbukumbu ndogo yenye miguu minane ndani ya kompyuta au katika kisanduku cha kando. Kompyuta ya mtumba huwa inazikumbuka funguo za gari lililokatwa. Hivyo injini ya Toyota huwaka kwa sekunde moja au mbili na kuzimika, mara kwa mara, na asiyejua huanza kubadilisha pampu ya petroli. Baadhi ya Toyota zenye kisanduku cha kando hukubali kuzoeshwa kompyuta mpya kwa kuunganisha TC na CG na kuuacha ufunguo umewashwa kwa dakika 30. Nyingine huhitaji ile kumbukumbu ndogo ing'olewe katika kompyuta iliyokufa na kulehemiwa katika ile inayochukua nafasi yake. Katika Hilux na Prado za dizeli zenye mfumo wa mgandamizo wa juu huongezeka sharti jingine: herufi na tarakimu zilizochapwa juu ya kila nozeli lazima ziandikwe katika kompyuta mpya, la sivyo injini hugonga na kutoa moshi.

Maarifa haya yote kampuni za magari zinayo, na swali la nani anayestahili kuyapata limekuwa la kisiasa kwingineko. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani waliidhinisha mwaka 2012 sheria inayowalazimisha watengenezaji kuzipa gereji huru taarifa na zana zile zile wanazowapa mawakala wao, na Umoja wa Ulaya ulikuwa umeliweka sharti linalokaribia hilo katika kanuni namba 715 ya mwaka 2007. Sheria hizo hazisafiri na gari. Gari likiuzwa Afrika haki hubaki lilikotoka. Fundi wa Kalemie hulazimika kutegemea michoro inayozungushwa kwa simu kutoka kundi moja hadi jingine, mingi ikiwa ya gari lenye usukani kushoto na matundu yaliyopangwa kwa namna nyingine, na ni vigumu kumlaumu kwa kukisia wakati kukisia ndiko alikoachiwa.

Mashirika ya misaada yaliepuka mjadala huu mapema. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, hutumia pampu inayopima mafuta kwa springi, vyuma na mgandamizo, na ikishawaka haihitaji kompyuta ya kuiendesha. Ndiyo maana zimejaa katika maegesho ya mashirika hayo kote mashariki mwa Kongo. Bei yake, hata hivyo, si ya mwalimu wala mfanyabiashara wa samaki, na ushauri wa kununua gari lisilo na elektroniki ni ushauri kwa mwenye fedha za shirika.

Kwa hiyo njia iliyo wazi kwa wengi ni kuitengeneza bodi yenyewe, kazi ambayo mafundi wa redio na simu wa mjini tayari wana mikono yake. Kapasita iliyovuja hung'olewa na kuwekwa yenye kipimo kile kile cha uwezo, yenye volti zisizopungua zile za awali, na inayostahimili joto la nyuzi 105. Majimaji yaliyomwagika husafishwa hadi shaba ing'ae. Njia iliyoliwa huunganishwa kwa waya mwembamba. Kiungo kilichopasuka huyeyushwa upya kwa risasi. Transista ya nozeli au ya koili huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya kompyuta nzima. Kinachokosekana mara nyingi ni ushirikiano, kwa sababu fundi magari hataki kukiri kwa fundi redio kwamba kazi imemshinda, na fundi redio akiletewa kisanduku bila kuambiwa gari lilifanya nini, hana pa kuanzia.

Siku ya kuifunga kompyuta, iwe iliyotengenezwa au iliyonunuliwa, betri huondolewa kwanza, pini za soketi hukaguliwa moja moja kama zimepinda au zimeota kijani, na ukinzani wa kila nozeli, koili na vali hupimwa tena kabla ya ufunguo kugeuzwa. Injini ikiwaka, volti za alteneta husomwa taa zikiwa zimewashwa, kisha injini huachwa ingurume hadi ipate joto lake, kwa kuwa kompyuta iliyopoteza kumbukumbu huanza upya kujifunza kiasi cha hewa kinachohitajika gari likiwa limesimama, na mtikisiko wa mwanzo si lazima uwe kasoro. Ile iliyokufa haiuzwi kwa wakusanya vyuma chakavu: kumbukumbu yake yenye miguu minane, kama haikuhamishwa, huenda bado ina misimbo ya funguo za gari hilo, na kompyuta ya sasa ikifa nayo, fundi atakayekuja ataanzia hapo.